Kadi za Zamani na Bei ya Haki

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa parokia yetu alitungojea nje ya sakristia. Hakutaka kusema mbele ya watu, basi tukaenda naye mpaka chini ya mwembe. Hapo akatuuliza: "Mwalimu, mtu akinunua kitu kwa bei ambayo mwenye kitu mwenyewe ameikubali, akalipa papo hapo, hakukopa wala hakupunguza, je, yaweza kuwa wizi?" Tulimjibu upesi, kama ajibuvyo mtu mwenye njaa saa sita za mchana, kwamba mapatano ni mapatano, wala hapo hakuna wizi. Akasema asante, lakini hakuondoka. Ndipo tulipoketi.

Wasomaji wapenzi, neno alilotueleza siku ile limetushughulisha kwa miezi mingi, nasi tumeona vema kulileta mbele yenu. Ni neno la kadi kuukuu. Msicheke. Sisi nasi tulicheka mwanzoni.

Kijana huyu hukusanya kadi za zamani: kadi za posta, stempu, au timbri kama wengi wasemavyo huku kwetu, picha za watakatifu, na picha za wachezaji wa mpira. Alianza akiwa mtoto wa katekisimu, kwa picha zile ndogo tunazowapa watoto wanaojibu maswali yao vizuri. Leo ana simu, na kwa njia ya simu amejuana na wakusanyaji wa Ubelgiji na Ufaransa. Huwaonyesha kadi alizozipata, nao humwambia ipi inatafutwa na ipi ni takataka. Polepole amejifunza kazi hiyo, na twakiri kwamba anaijua vizuri kuliko sisi tunavyojua Kilatini chetu.

Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za kando ya pwani, alipita Kalundu akamkuta mama mjane ameanika karatasi juu ya mkeka. Zilitoka katika sanduku la bati la marehemu mume wake. Babu wa marehemu alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja wakati majeshi ya Wabelgiji yalipovuka Rusizi mwaka 1916 na kuwaondoa Wajerumani Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Yule Mbelgiji alipokwenda zake alimwachia mpishi karatasi kadha wa kadha, nazo zikakaa katika sanduku, baba akampa mwana, mwana akampa mjukuu. Juu ya mkeka kulikuwa na kadi saba za posta za Kongo ya Wabelgiji, za aina iliyotolewa tangu mwaka 1912, yenye picha ya nchi upande mmoja na stempu iliyochapwa palepale upande wa pili. Na juu ya stempu zile palikuwa pamepigwa chapa maneno ya Kifaransa na Kiflemi, maana yake: Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, iliyotwaliwa na Wabelgiji. Kijana alipoyaona maneno hayo, moyo wake ulipiga. Alijua.

Akasema, "Mama, karatasi hizi utazifanyia nini?" Mama akajibu, "Mwanangu, zimelowa, nitawashia moto. Ukizitaka, nipe tu ya unga." Kijana akatoa faranga 6,000, ambazo hazikufika dola tatu, akazichukua zote pamoja na picha moja ya mtakatifu iliyokuwa katikati yake. Wakaagana kwa amani. Kadi saba alimwuzia mkusanyaji mmoja wa Ubelgiji kwa dola 140.

Hiyo ndiyo habari. Sasa tuitazame.

Kwanza twaulizana: kipande cha karatasi chapataje bei ya namna hiyo? Hakilishi, hakivishi, hakiponyi homa. Tena kadi nyingi za namna hii zilipotoka hazikuuzwa, ziligawiwa bure. Kampuni ya Liebig, iliyoanzishwa mwaka 1865 na iliyotengeneza mchuzi mzito wa nyama kule Fray Bentos katika nchi ya Uruguay, ilikuwa ikiwapa wanunuzi wake picha ndogo za rangi, kwa kawaida sita kwa kila habari, na desturi hiyo iliendelea hadi mwaka 1975. Kule Marekani kadi za wachezaji wa besiboli zilitiwa katika pakiti za sigara, baadaye katika pakiti za ubani wa kutafuna wa watoto. Mtoto alitafuna ubani, kadi akaifunga kwenye tairi la baisikeli ipige kelele. Basi, moja ya kadi hizo, ya mwaka 1952, yenye sura ya mchezaji Mickey Mantle, iliuzwa mwezi wa Agosti mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Anayetaka na ahesabu ni magunia mangapi ya unga wa muhogo.

Lakini sikilizeni na upande wa pili wa habari ile. Mtu mmoja aliyefanya kazi katika kampuni iliyochapa kadi hizo, jina lake Sy Berger, alisimulia mwenyewe kwamba kadi nyingi za mwaka 1952 hazikupata mnunuzi, zikajaza ghala, na mnamo mwaka 1960 walizipakia katika chombo wakazitupa baharini karibu na New York. Kama zisingetupwa, na kama akina mama wasingetupa zile za watoto wao walipofagia nyumba, kadi ya Mantle ingekuwa leo kitu cha kawaida. Twaona basi kwamba bei ya kadi ya zamani haitoki katika uzuri wake tu. Hutoka katika kupotea kwa wenzake. Ile iliyobaki hupokea heshima ya zote zilizokufa.

Na sisi wa pwani hii twajua kupoteza. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika ukachukua nyumba na watu katikati ya mji wa Uvira. Wengi wenu mlizika siku zile. Kabla ya maji palikuwa na moto: mwaka 1964 wakati wa uasi, mwaka 1996 vita vilipoanza, na miaka iliyofuata. Kila mara watu walikimbia na watoto na sufuria, wakaacha karatasi. Cheti cha ubatizo, picha ya arusi, barua ya mtoto aliye masomoni, vyote vilikwenda. Hivyo sanduku moja la bati lililookoka Kalundu ni kitu adimu, nalo ni adimu kwa sababu ya machozi ya majirani. Mkusanyaji wa ng'ambo hulipa dola kwa ajili ya uadimu huo, na hajui analipia nini. Hatumlaumu.

Je, kukusanya kadi ni upuzi au dhambi? Wapo wakristo wakali watakaosema ndiyo. Sisi hatusemi hivyo. Mtoto anayepanga picha zake kwa namba hujifunza utaratibu na uangalifu, hujifunza majina ya nchi na ya wanyama, naye huwa na kitu cha kuzungumza na wenzake. Jambo moja tu latupa shaka, nalo ni ile albamu yenye nafasi tupu. Mchapaji huacha nafasi ile makusudi, ili jicho la mtoto lisione picha 59 alizo nazo, lione moja tu asiyo nayo. Tumepata kumwona mtu mzima, mwenye mke na nyumba, akisumbuliwa na nafasi tupu kuliko na madeni yake. Lakini hilo ni jambo jingine.

Turudi chini ya mwembe. Kijana yule hakuwa mjinga, alikuwa amejitetea moyoni mwake mara nyingi kabla ya kuja kwetu, na hoja zake alizitoa moja moja kama mtu anayeweka samaki sokoni, wazuri juu.

Alisema: "Mama mwenyewe alitaja bei." Ni kweli alitaja, lakini alitaja bei ya nini? Alitaja bei ya karatasi ya kuwashia moto. Kitu hicho ndicho alichokubali kuuza. Kijana alinunua kitu kingine. Mikono ilishikana, lakini akili hazikukutana, kwa kuwa mmoja alikuwa anaona na mwenzake amefungwa macho. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika miaka mia saba na hamsini iliyopita, wakati hakuna kadi wala posta, ameligusa jambo hili waziwazi katika sehemu ya kitabu chake kikubwa inayohusu kununua na kuuza. Watu wengi hukumbuka kwamba alimkataza mwuzaji kuuza shaba kwa jina la dhahabu. Wachache hukumbuka kwamba palepale aligeuka akamtazama na mnunuzi: mwuzaji akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akajua, basi mnunuzi hakununua kwa haki, na yampasa kurudisha. Tulipomsomea kijana maneno hayo, alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, huyo Tomaso naye alikuwa mkusanyaji?"

Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. "Mimi nilitaabika kujifunza. Nimetumia miaka na fedha za simu. Mama hakujua kwa sababu hakutafuta kujua. Je, elimu yangu haina ujira?" Ina ujira, nasi twasema hivyo kwa sauti. Mt. Tomaso yuleyule afundisha kwamba mfanyabiashara aweza kutafuta faida ya kadiri kama malipo ya kazi yake, kulisha nyumba yake na kuwasaidia maskini. Mtu anayechukua kitu mahali kisipotakiwa, akakipeleka kinapotakiwa, amefanya kazi ya kweli. Kadi zile zingekuwa majivu chini ya sufuria ya mama. Kijana aliziokoa, alizikausha kwa ustadi, alizijua, alitafuta mnunuzi, alimpa mtu anayesafiri azivushe hadi Bujumbura, na alibeba hatari ya kuambiwa kwamba chapa zile ni za bandia, kwa sababu stempu za wakati ule zina bandia nyingi. Kwa hiyo faida yenyewe haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kunyamaza. Angeweza kusema: "Mama, usichome hizi. Ng'ambo kuna watu wanaozitaka. Sijui bado watalipa kiasi gani, lakini nipe nikakuuzie, tutagawana." Maneno hayo yasingemgharimu kitu ila sehemu ya faida ambayo haikuwa yake.

Hapo alitoa hoja ambayo hatukuitazamia, na ambayo ilitufanya tufungue vitabu vyetu vya seminari vilivyoanza kuliwa na mchwa. Alikuwa amesikia katika mahubiri mfano wa Bwana wetu juu ya hazina iliyofichwa shambani. Mtu yule aliikuta hazina, akaificha tena, akaenda kuuza vyote alivyo navyo, akalinunua shamba. "Na yeye," akasema kijana, "hakumwambia mwenye shamba."

Jibu la kwanza ni rahisi: Bwana alikuwa akisema juu ya furaha ya kuupata Ufalme, hakuwa akifundisha biashara ya mashamba, kama vile hakumsifu wakili mdanganyifu kwa udanganyifu wake. Lakini tulipofikiri zaidi tuliona kwamba hata kwa sheria za watu mambo haya mawili hayafanani. Hazina ile haikuwa mali ya mwenye shamba kama jembe lake lilivyokuwa mali yake. Aliyeizika alikwisha kufa zamani na hakuna aliyemjua. Mt. Tomaso aliandika kwamba sheria za zamani ziligawa hazina ya namna hiyo kati ya aliyeiona na mwenye ardhi, na kwamba mtu wa mfano ule alinunua shamba ili awe na haki juu ya hazina yote. Lakini kadi za Kalundu zilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa ameketi karibu nazo, mikono yake ina unga. Hakuna aliyezizika. Zilikuwa katika sanduku lenye kufuli.

Yupo pia yule mchuuzi wa nafaka ambaye wanafunzi wa seminari hubishana juu yake mpaka taa izimwe. Ameleta nafaka katika mji wenye njaa, naye ajua kwamba nyuma yake wanakuja wachuuzi wengine wengi. Je, yampasa kusema? Tomaso ajibu kwamba haki haimlazimishi kusema, ingawa angefanya wema zaidi kama angesema. Kijana alishika hapo kwa nguvu: "Basi kunyamaza kwaruhusiwa!" Lakini tazameni vema. Mchuuzi anyamazia jambo litakalotokea kesho, labda litokee, labda lisitokee. Nafaka aliyo nayo mkononi ni nafaka kweli, na mnunuzi aiona kwa macho yake. Kijana wetu hakunyamazia jambo la kesho. Alinyamazia kitu chenyewe, kilicho mbele yao wote wawili, ni kitu gani.

Hoja ya mwisho aliitoa kwa sauti ndogo: "Kila mtu hufanya hivyo." Hiyo hatukuijibu.

Mwenye kufikiri atauliza: kama ni hivyo, mtu ajuaye hawezi tena kununua kitu kwa bei nafuu? Sisi twasema aweza. Akimkuta mwuza vitu vikuukuu sokoni, mtu ambaye kazi yake ni kujua bei, na yule akakosea, hilo ni shauri la wafanyabiashara wawili, na kila mmoja alikwenda sokoni akijua kwamba sokoni watu hukosea. Uzito uko katika kwenda nyumbani kwa mtu asiye mchuuzi, wakati wa shida yake, naye akakuita mwanangu. Neno lile mwanangu si pambo. Mama alipolisema aliacha kujilinda, kama vile mtu asivyofunga mlango mtoto wake akiwa ndani.

Kadhalika haki yaelekea upande wa pili wa bahari. Wakusanyaji wa kadi hutazama pembe, madoa na mikunjo; kule Marekani kuna makampuni ambayo kazi yao ni kuzipa kadi maksi mpaka kumi, kama walimu wa shule, na kadi yenye maksi kumi na kadi yenye maksi saba zaweza kupishana bei kama nyumba na kibanda. Basi tulimwuliza kijana kama alimwambia Mbelgiji kwamba kadi zililowa maji ya ziwa. Alisema ndiyo, alimwonyesha na madoa. Tukamwambia: "Tazama, kwa mtu usiyemjua, aliye mbali, ulisema ukweli wote, kwa sababu angeweza kukurudishia kadi na kukuharibia jina. Mama wa Kalundu hawezi kukuharibia jina." Maneno hayo yalimwuma kuliko Tomaso, tuliona.

Sasa, arudishe kiasi gani? Hapa vitabu havitoi hesabu, na ni vizuri, maana kila jambo lina sura yake. Kijana alitaka kurudisha zote 140, kwa hofu. Tulimkataza. Toba isiyofikiri huchosha upesi, na baada ya wiki mbili humchukia yule iliyemlipa. Tulitoa kwanza gharama za kupeleka, dola 12. Zilizobaki 128 tulizigawa nusu kwa nusu, kwa kufikiri kwamba mtu mwaminifu anayemwuzia mwenzake kitu cha namna hii, kwa kazi kubwa kiasi kile, asingeona haya kutaja nusu waziwazi. Ikawa dola 64. Wengine wenu labda mtasema nusu ni nyingi kwa kijana, wengine ni kidogo. Huenda ni hivyo. Alikuwa amekwisha kutumia sehemu kubwa kwa karo, basi alilipa mara tatu, na mara zote tatu tulikwenda pamoja.

Mama hakulia, wala hakumbariki kijana kama tulivyotazamia. Alihesabu noti, akazifunga katika pembe ya kitenge, akamtazama. "Ulijua siku ile?" akauliza. Kijana akasema, "Nilijua, mama." Mama akasema, "Mimi nilikopa unga wiki ile kwa jirani, na jirani alinitukana." Basi. Hapakuwa na neno la kuongeza, nasi tulikaa tukitazama ziwa.

Kisha akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiri. "Na ile picha iko wapi?"

Tulisema hapo juu kwamba katikati ya kadi palikuwa na picha moja ya mtakatifu. Ilikuwa ukumbusho wa Komunyo ya kwanza ya marehemu mume wake, ya mwaka 1956, na nyuma katekista wa siku zile alikuwa ameandika jina na tarehe kwa wino. Mama hakujua kwamba imo katika karatasi alizouza. Alikuwa ameitafuta tangu maji yalipopungua. Na kijana? Kwa kuwa picha ile haikuwa na bei, hakuiuza. Alimtilia Mbelgiji katika bahasha kama nyongeza, kama mama muuza ndagala anavyotia kiganja cha mwisho juu ya kipimo.

Tulimwandikia mnunuzi yule siku ileile. Alijibu kwa adabu kwamba yeye hakusanyi picha za dini, na kwamba aliipeleka pamoja na nyingine katika duka la vitu vya kale, kwenye kasha ambamo kila moja huuzwa nusu ya euro. Alikwenda kuitafuta, hakuiona tena.

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo tulipoona kwamba tulikuwa tumepima nusu tu ya jambo. Siku zote tulikuwa tukisema juu ya dhahabu na shaba, na mzani wetu ulikuwa mzani wa Brussels: ile ya dola nyingi ni dhahabu, ile ya nusu ya euro ni shaba. Katika nyumba ile mzani ulikuwa kinyume. Kadi saba za mpishi mama angezichoma bila huzuni, na picha moja angeilinda na kisu. Kanisa nalo lina mzani wake katika mambo haya. Masalia ya watakatifu hayauzwi kamwe, sheria ya Kanisa yakataza. Na kitu kilichobarikiwa, kama rozari, kikiuzwa, rehema zilizofungwa nacho hukoma. Tangu tarehe 18 Agosti mwaka 2024, Wenye Heri wetu Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert walipotangazwa hapa Uvira, picha zao zimo katika vitabu vya sala vya wengi wenu. Waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba mwaka 1964, na wazee waliokuwa watoto siku ile wapo bado. Mtu akija miaka sitini ijayo na kutaja bei kwa ajili ya picha hizo, wajukuu wenu watamjibu nini? Itategemea kama mmeandika kitu nyuma.

Picha ya marehemu haikuweza kurudishwa. Mtu akiwa hawezi kurudisha kitu chenyewe, wafundisha walimu wa maadili, alipe kitu kingine badala yake kama mtu mwema atakavyoamua. Mama ndiye aliyeamua. Alimwagiza kijana aende katika parokia ile ya zamani, aombe ruhusa kwa Padri Paroko, atafute katika vitabu jina la mume wake, amnakilie. Tulikwenda naye. Siku mbili tulifunua kurasa zilizoshikamana kwa unyevu. Jina tulilikuta mwisho wa ukurasa, nusu imefifia: jina, jina la baba, mwaka 1956. Kijana aliliandika juu ya kadi nyeupe kwa mwandiko wake mzuri, mama akaitia katika sanduku la bati, akafunga kufuli.

Tulipokuwa tukirudi kwa miguu kijana alituuliza kwa nini tuliona haya wakati wote alipokuwa akijieleza. Hakukosea. Sisi nasi tuna kadi.

Tulipokuwa na miaka kumi, katika darasa la katekisimu, rafiki yetu alikuwa na picha ya Bikira Maria ya zamani, pembeni imekatwa kama kitambaa cha kufumwa, urithi wa nyanya yake. Tulimbembeleza, tukampa picha mbili mpya zenye rangi kali. Yeye alifurahi kwa kuwa mbili ni nyingi kuliko moja. Sisi tulijua, baba yetu alikuwa ametuambia kwamba picha za namna ile hazitengenezwi tena. Mwaka 2002, wakati wa vita, jamaa yake walivuka ziwa usiku kwa boti, wakaishia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, nasi hatukuagana. Picha imekuwa katika kitabu chetu cha Misa tangu siku ile. Tumeihamisha kutoka kitabu kimoja mpaka kingine, seminari mpaka nyumbani, na mara nyingi tumeitumia kama alama ya ukurasa tukisoma habari za haki.

Baada ya shauri la Kalundu tulianza kuuliza habari zake kwa watu wanaokwenda na kurudi kutoka Kigoma. Mwezi wa tatu tulipata namba yake ya simu. Alitupigia, tukacheka kwa muda mrefu, akauliza habari za mpera uliokuwa nyuma ya kanisa. Tulipomweleza juu ya picha alisema haikumbuki. Anakumbuka zile mbili tulizompa. Moja ilikuwa ya Mt. Yosefu, nayo iliingia maji usiku ule ndani ya boti. Kisha akanyamaza, akasema, "Ya nyanya? Kama ni ya nyanya, nileteeni."

Bado tunatafuta mtu wa kuibeba. Hatutaki kuitia katika bahasha.